Kuyaenzi Mayowe

Katika rekodi zote alizoacha Abbey Lincoln, kuna kipande kimoja ambacho tamasha la kumuenzi halijui likifanyeje. Kimo katikati ya "Triptych", kwenye albamu ya mpiga ngoma Max Roach iitwayo We Insist!, iliyorekodiwa New York Agosti na Septemba 1960. Waliopo ni wawili tu, Roach na ngoma zake, Abbey na kipaza sauti. Sehemu ya kwanza ni ya sala. Abbey anaimba bila neno hata moja, irabu ndefu zinazopanda na kushuka, na ngoma zinamwitikia. Sehemu ya pili ni ya kupinga, na hapo haimbi tena. Anapiga mayowe. Anayapiga zaidi ya dakika nzima, yowe juu ya yowe, koo linakwaruza, na Roach hampunguzii. Kisha yanakatika. Sehemu ya tatu, ya amani, inafunguka kwa pumzi: unamsikia mwanamke akihema, akitafuta nguvu zake, na polepole sauti inarudi kuwa wimbo.

Ukiisikiliza kwa spika za sebuleni, jirani atakuja kugonga mlango.

Abbey alifariki New York tarehe 14 Agosti 2010, siku nane baada ya kutimiza miaka 80, na tangu hapo shughuli za kumuenzi hazijakauka. Mwaka 2011 Angélique Kidjo wa Benin, Dianne Reeves na Lizz Wright walizunguka na onyesho la Sing the Truth!, Terri Lyne Carrington akiwa kwenye ngoma na Geri Allen kwenye piano, wakiwaenzi kwa pamoja Miriam Makeba, Odetta na Abbey. Mwaka 2025 Carrington huyo huyo na mwimbaji Christie Dashiell waliirudia We Insist! kwa mipangilio yao wenyewe na kuitoa kama albamu. Kati ya hapo zimepita jioni nyingi ndogo, kwenye klabu na vyuo, ambapo binti fulani amesimama mbele ya watu na kutangaza kwamba usiku huo ni wa Abbey. Swali langu ni juu ya usiku wa namna hiyo. Ni wa Abbey kwa maana gani?

Mwanasiasa akifa hupewa barabara au uwanja wa ndege. Mwandishi huchapwa upya. Mwimbaji huenziwa kwa kitendo kile kile alichokuwa akikifanya yeye, kikifanywa na mtu mwingine, kwa koo jingine, huku mwenyewe hayupo kusema kama ameridhika. Kwetu tamasha la aina hii tunalijua vizuri. Mgeni rasmi anachelewa, hotuba zinarefuka, halafu anapanda kijana na wimbo uliompa marehemu jina, anauimba hivi kwamba ukifumba macho unamsikia mwenyewe. Ukumbi unalipuka, watu wanakwenda mbele kutunza. Ni yeye mtupu, tunasema, na hatuna sifa kubwa zaidi ya hiyo. Kwenye jazi sifa hiyo hiyo inakaribia kuwa tusi.

Abbey mwenyewe alijua maana ya kuvishwa mtu mwingine. Alizaliwa Chicago mwaka 1930 kwa jina la Anna Marie Wooldridge, mtoto wa kumi kati ya kumi na wawili, akalelewa shambani Michigan. Alipoanza kuimba kwenye kumbi za starehe aliitwa Gaby Lee. Baadaye meneja wake, mtunzi wa mashairi Bob Russell, akamtengenezea jina jipya kwa kuunganisha kanisa la Westminster Abbey na Rais Abraham Lincoln, kwa utani kwamba Lincoln hakuwakomboa watumwa kweli, labda binti huyu ataimaliza kazi. Mwaka 1956 aliingia kwenye filamu ya The Girl Can't Help It, na gauni alilovaa humo lilikuwa limevaliwa kabla yake na Marilyn Monroe. Limembana, linameta, na kamera inajua pa kutazama. Mwaka uliofuata jarida la Ebony likamweka kwenye jalada akiwa ndani ya gauni hilo hilo. Njia ilikuwa imeshachorwa: Monroe mweusi, mwenye sauti nzuri.

Gauni hilo alilichoma moto. Alisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alilitupa kwenye tanuri la taka. Napenda kufikiri ni makumbusho mangapi leo yangelililia, liwekwe ndani ya kioo na taa ndogo ya njano juu yake, na maelezo ya sentensi mbili ukutani. Tunapenda vitu vya marehemu kwa sababu vitu havibishi. Yeye alituondolea kimoja, na sidhani alifanya hivyo kwa hasira peke yake. Hakutaka kukumbukwa kwa umbo la mtu mwingine, hata umbo hilo liwe la mwanamke aliyetamaniwa kuliko wote duniani wakati ule. Mwimbaji anayepanda jukwaani leo na kuivaa sauti ya Abbey, na kigugumizi chake kile cha makusudi, na kofia zake, anashona upya gauni lililochomwa.

Basi aliyemuenzi mwenzake vizuri ni nani? Bahati nzuri jibu tunaweza kulitafuta kwa Abbey huyo huyo, maana kabla hajaenziwa alienzi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, akiimba Honolulu, alikutana na Billie Holiday. Billie alikuwa na sauti ndogo, isiyopanda mbali wala kushuka mbali, na utajiri wake wote ulikuwa katika muda: aliliacha pigo lipite, akalifuata baadaye kidogo, na katika upenyo huo mdogo neno la kawaida la wimbo wa mapenzi likawa na uzito wa ushahidi. Novemba 1987, huko New York, Abbey alisimama mbele ya hadhira na nyimbo za Billie, na rekodi ya maonyesho hayo ikatoka katika sehemu mbili kwa jina la Abbey Sings Billie. Harold Vick, aliyepiga saksafoni, alifariki mwezi huo huo, siku chache tu baadaye. Sikiliza humo. Humsikii Billie. Unasikia sauti nzito ya mwanamke wa miaka 57, kavu pembeni, inayotamka kila neno hadi mwisho wake kana kwamba kuna atakayemhoji. Naye anachelewa nyuma ya pigo, ila Billie alichelewa kama mtu asiye na haraka na maumivu yake, na huyu anachelewa kama mtu anayepima kama atalisema au hatalisema.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague tendo moja la Abbey kumuenzi Billie, sitachagua tamasha la 1987. Nitachagua wimbo mmoja wa miaka 26 kabla yake. Mal Waldron ndiye aliyekuwa mpiga piano wa mwisho wa Billie. Waldron alitunga muziki, Billie akaandika maneno, na wimbo ukaitwa "Left Alone". Billie alifariki Julai 1959 bila kuurekodi. Tarehe 22 Februari 1961 Abbey aliingia studio kurekodi albamu yake ya Straight Ahead, Waldron akakaa kwenye piano, na maneno ya Billie yakapata koo. Hapo hakuna wa kuigwa, kwa sababu hakuna rekodi ya Billie ya kuiga. Kuna kazi iliyoachwa nusu, na mtu aliyekuwapo karibu akaichukua.

Nadhani hapa ndipo penye tofauti ninayoitafuta. Kuna kumuenzi mtu kwa kurudia alichomaliza, na kuna kumuenzi kwa kuendelea na alichokiacha. La kwanza linamtazama yeye. La pili linatazama kule alikokuwa akitazama yeye, na ndiyo maana mara nyingi halifanani na heshima hata kidogo.

Tarehe ile ya 22 Februari ina jambo jingine. Wiki moja kabla, tarehe 15, Abbey alikuwa ndani ya jengo la Umoja wa Mataifa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa Katanga Januari 17, kwenye msitu karibu na mji ambao leo ni Lubumbashi, na habari haikutangazwa rasmi hadi Februari 13. Abbey, Maya Angelou na Rosa Guy walikuwa wameunda chama cha wanawake wenye asili ya Afrika. Waliingia na wenzao kwenye viti vya wageni vya Baraza la Usalama, watu kama 60, wamejifunga vitambaa vyeusi, wakasubiri hadi balozi wa Marekani, Adlai Stevenson, alipoanza kuzungumza. Wakainuka wakapiga kelele. Walinzi wakawavamia, kukawa na kusukumana na kupigana, na kikao kikavunjika kwa muda.

Kwa hiyo mayowe yaliyorekodiwa mwaka 1960 yalitoka studio miezi michache baadaye yakaingia kwenye Baraza la Usalama, na siku saba baada ya hapo mwenye koo lile lile akaenda kurekodi wimbo wa Billie. Mpangaji wa tamasha la kumuenzi ana Jumatano moja na Jumatano nyingine mbele yake. Ya pili ina nyimbo saba na anaweza kuzigawa kwa waimbaji wake. Ya kwanza haina noti. Nayo ilikuwa kazi yake vilevile.

Moja ya nyimbo za Straight Ahead inatugusa kwa njia ya ajabu. "African Lady" ilitungwa na mpiga piano Randy Weston kwa maneno ya Langston Hughes, na ilitoka kwanza kwenye kazi ya Weston iliyorekodiwa Novemba 1960, ambayo jina lake halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa makala hii: Uhuru Afrika. Weston alitaka lugha ya Kiafrika ifungue albamu, na watu wa Umoja wa Mataifa aliowauliza wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Ndiyo maana sauti ya kwanza yenye maneno humo ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akighani kwa Kiswahili shairi la uhuru la Hughes, mbele ya bendi kubwa ya jazi, mwaka mzima na zaidi kabla ya Tanganyika yenyewe kupandisha bendera. Max Roach alikuwamo kwenye safu ya wapiga ngoma. Miezi mitatu baadaye Abbey akauchukua wimbo wa yule mwanamke wa Afrika na kuufanya wake. Hakuwa bado amekanyaga bara hili. Alikuwa akimwimbia sifa mtu asiyemjua, asiye na jina wala tarehe ya kufa, na hakuna aliyemuuliza kama sauti yake inafanana na ya huyo mwanamke.

Afrika alikuja katika miaka ya 1970, akiandamana na Miriam Makeba, na huku alipewa majina. Rais Sékou Touré wa Guinea alimpa jina la Aminata. Kule Zaire waziri wa habari akamwongezea la Moseka. Aliyapokea kwa furaha na kuyatumia: Aminata Moseka. Najua furaha hiyo ilikuwa ya kweli, lakini siwezi kulipita jina la pili bila kusimama. Waziri yule alikuwa waziri wa Mobutu, mtawala wa Kongo ile ile, sasa ikiitwa Zaire. Na Mobutu ndiye ambaye askari wake walimkamata Lumumba Desemba 1960, na utawala aliouweka mwenyewe baada ya kupindua serikali ndio uliompeleka Katanga mikononi mwa waliotaka afe. Mwanamke aliyepigana na walinzi kwa ajili ya Lumumba alipewa jina na serikali ya mtu huyo.

Simlaumu. Nataka tu kuonyesha jinsi heshima inavyoweza kufanya kazi, maana Mobutu alifanya kubwa kuliko kutoa majina. Mwaka 1966 alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Sijui mfano bora kuliko huo kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini nina mashaka na sherehe za kumbukumbu. Marehemu anasifiwa na yule yule aliyemkabidhi kwa wauaji, na sifa zenyewe ni za kweli, hakuna neno la uongo ndani yake. Uongo uko katika anayesema na katika wakati wa kusema. Ukishamtukuza mtu unaweza kumfungia faili. Shujaa hana madai. Madai ni ya walio hai. Kumbi za muziki hazijaua mtu, na sizilinganishi na Mobutu. Lakini taasisi nyingi zinazomwekea Abbey taa na maua leo ni za ulimwengu ule ule wa muziki uliomfungia mlango alipokuwa na miaka 31.

Mlango ulifungwa hivi. Straight Ahead ilipotoka, mhakiki Ira Gitler aliiandikia kwenye jarida la Down Beat tathmini ambayo kiini chake kilikuwa kwamba Abbey ameugeuza Uweusi wake kuwa kazi ya kuajiriwa. Ubishi ukawa mkubwa hadi jarida likaitisha mjadala mwaka 1962, Abbey na Roach wakikaa meza moja na mhakiki huyo kuzungumzia ubaguzi katika jazi. Mazungumzo yalichapishwa na bado yanasomwa. Kilichofuata kilikuwa kimya. Albamu nyingine yenye jina lake peke yake haikurekodiwa hadi mwaka 1973, na hiyo ilirekodiwa Japani. Miaka kumi na miwili! Aliigiza filamu mbili nzuri katika kipindi hicho, Nothing But a Man na For Love of Ivy, aliimba na Roach, aliyekuwa mumewe, na wakaachana mwaka 1970. Hakuna tamasha linaloweza kuimba miaka hiyo. Nimewahi kuwaza kwamba programu ya uaminifu ingeacha jukwaa tupu kwa robo saa, halafu nikacheka, kwa kuwa nalo lingekuwa igizo, tena igizo la bei ghali, na watu wangelipigia makofi.

Narudi kwenye mayowe, kwa kuwa bado hatujamalizana nayo. Jibu la haraka, na ndilo ninalolisikia kwa wapenzi wengi wa jazi, ni kwamba hayarudiwi. Yalikuwa ya moyo, ya siku ile, ya mwanamke yule. Anayeyarudia leo kwa tiketi anafanya mzaha. Ningependa kukubali, ila historia inakataa. Kwanza, kipande chenyewe ni utunzi wa Roach, kimesajiliwa kwa jina lake. Mayowe yalipangwa: yalijulikana yataanza wapi na yatakatika wapi. Pili, Abbey aliyarudia. Mwaka 1964 televisheni ya Ubelgiji ilipiga picha kikundi cha Roach kikiitumbuiza kazi ile, na Abbey yupo, nywele zake za asili bila dawa, uso mtupu mbele ya kamera, akipiga yale yale. Fikiria mahali hapo: Ubelgiji, miaka mitatu baada ya Lumumba, mbele ya taifa lililoitawala Kongo na ambalo maofisa wake walikuwapo alipouawa. Waliomtazama majumbani mwao Brussels na Antwerpen sijui waliona nini. Yeye alikuwa kazini. Aliyapiga kwa mshahara, kwa saa iliyopangwa, taa zikiwashwa na mtu mwenye karatasi mkononi.

Kwa hiyo ukweli wa mayowe haukuwa katika kutokea kwake mara moja. Ulikuwa kwingine. Aliweza kuyarudia usiku baada ya usiku bila kuwa mwongo kwa sababu jambo lililoyaleta lilikuwa bado lipo asubuhi. Watu walikuwa bado wanauawa Mississippi, Johannesburg ilikuwa bado ile ile ambayo wimbo wa mwisho wa albamu unaililia baada ya mauaji ya Sharpeville, na serikali ya huko ilikuwa imeipiga albamu marufuku. Kinachoamua kama yowe la leo ni la kweli au la kuigiza hakimo kooni mwa mwimbaji. Kiko nje ya ukumbi. Kama jambo limekwisha, yowe ni kitu cha kale, tunaweza kulisikiliza kwa utulivu na kusifu ufundi wake. Kama halijaisha, basi anayelipiga hamuenzi Abbey hata kidogo. Anaendelea na kazi, na jina la Abbey kwenye bango ni adabu tu.

Hapo kuna ugumu ambao siwezi kuuruka. Kila mwimbaji atasema jambo halijaisha. Ni rahisi kusema, na hadhira ya jazi ya leo, iliyosoma na kulipia viti vyake, hupenda kuambiwa hivyo. Inatikisa kichwa, inatoka nje, inaagiza teksi. Mwaka 1961 mayowe yalimgharimu Abbey miaka kumi na miwili. Leo yanaweza kumpatia mwimbaji mkataba na ufadhili wa chuo kikuu. Simaanishi kwamba mtu lazima aumizwe ndipo awe mkweli. Hiyo ni dini mbaya, na waliokuwa wakiihubiri zaidi ni wale waliofaidika na mateso ya Billie Holiday. Nasema tu kwamba kitendo kilichokuwa cha hatari kikishakuwa salama kimebadilika, hata kama sauti haikubadilika hata nukta. Anayetaka kuendelea na kazi ile itabidi ajiulize ni wapi leo pasipo salama, na huenda asipakute kwenye jukwaa la jazi.

Kuna fununu mbili kutoka kwa wanaume wawili waliokuwapo. Kwenye "Driva' Man", wimbo wa kwanza wa We Insist!, Coleman Hawkins alipiga saksafoni na katikati ikamtoka sauti iliyokwaruza, kosa la wazi. Fundi angeweza kuikata. Hawkins, aliyekuwa na umri wa miaka 55 na heshima yote ya fani mgongoni, alikataa: katika kazi ya namna hii, alisema, kila kitu kikiwa sawasawa basi kuna kitu hakiko sawa kabisa. Naye Abbey alisimulia kwamba alipokuwa akiurekodi wimbo wa Thelonious Monk aliouandikia maneno yake mwenyewe, Monk alikuja akamnong'oneza sikioni asijitahidi kuwa bila dosari. Roach ndiye aliyemfafanulia: alimaanisha, kosea kidogo.

Matamasha ya kuenzi hayakosei. Hilo ndilo linalonichosha nayo. Waimbaji wamekuja na mapenzi na wamefanya mazoezi, bendi ni ya watu walioshinda tuzo, na kila wimbo unaisha pale ulipopaswa kuisha. Ni kawaida ya heshima kuogopa kosa, kama mtu anayebeba sahani za mwenye nyumba. Lakini muziki huu ulijengwa na watu walioamini kwamba bila hatari ya kuanguka hakuna aliyesimama.

Labda tatizo linaanza kwenye uchaguzi wa Abbey yupi. Wengi wanamchagua wa 1960, kwa kuwa picha yake ni kali na hadithi yake inasimulika kwa sentensi moja. Mimi ningependa tumkumbuke zaidi wa uzeeni. Aliyeandika "Throw It Away" na "The World Is Falling Down", aliyepata mkataba wa maana na kampuni ya Verve akiwa anakaribia miaka 60, na akatoa albamu moja baada ya nyingine hadi 2007. Huyo ndiye aliyetunga maneno na muziki wake mwenyewe, wakati waimbaji wengi wa jazi wanaishi kwa nyimbo za watu waliokufa. Machi 2002 Jazz at Lincoln Center walimwandalia maonyesho ya usiku tatu ya kazi zake, yeye mwenyewe akiwapo jukwaani, mwenye miaka 71. Kumuenzi mtu akiwa hai kuna usumbufu wake: anaweza kubadilisha mpangilio, anaweza kuimba wimbo uliousahau, anaweza kukuharibia sherehe. Usumbufu huo una faida.

Na kwenye albamu yake ya mwisho, Abbey Sings Abbey, alizirudia nyimbo zake za zamani akiwa amewaondoa wapiga piano kabisa. Badala yao kuna gitaa, akodiani, selo. Aliziondolea ala iliyokuwa imezizoea.

Marc Cary alikuwa mmoja wa wapiga piano hao, aliyempigia kwa miaka mingi. Mwaka 2013 alitoa albamu ya kumkumbuka, For the Love of Abbey, nyimbo nyingi humo zikiwa za bosi wake wa zamani, na hakuita mwimbaji. Ni piano peke yake. Abbey aliiondoa piano, Cary akaiondoa sauti. Rafiki yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa waimbaji wa kike, aliniambia huko ni kumnyima Abbey kitu kile kile kilichomfanya awe Abbey, maneno yake, na kwamba mwanaume na piano yake wamebaki na nyimbo za mwanamke. Hoja ya pili ina uzito na sina jibu lake lililokamilika. Kwa hoja ya kwanza nambishia. Cary anapopiga "Throw It Away" anafika mwisho wa mstari na anangoja, muda ule ule ambao Abbey angechukua kupima kama atalisema neno au hatalisema, kisha anaendelea bila kulijaza pengo. Anayeyajua maneno itabidi ayaseme mwenyewe. Asiyeyajua itabidi ayatafute, na akiyapata atagundua kwamba hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuyaimba.